CAREY FRANCIS: KUTOKA CAMBRIDGE HADI PUMWANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza langu: usione watu wamekaa dawati la mbele ukadhani walizaliwa hapo. Walipangwa.

Wasomaji wapenzi, mwaka huu mlezi wa chama chetu alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani. Wenzangu wengi walimkimbilia Mekatilili, Dedan Kimathi na Shaaban Robert. Mimi nimemchagua mwalimu, tena Mzungu, ambaye baadhi yenu mmemsikia kwa babu zenu tu. Jina lake ni Edward Carey Francis.

Nina sababu yangu, na nitaitoa mapema msije mkaniuliza baadaye. Mimi ni mmoja wa wale waliofanya KCPE ya mwisho, ile ya 2023. Nilipata alama 312 kati ya 500. Matokeo yalipoingia kwenye simu ya mama, tulinyamaza kidogo, kisha mama akanituma nikachote maji kana kwamba hakuna lililotokea. Mtoto wa jirani aliyepata 391 alinunuliwa sanduku la bati na godoro akaenda shule ya kitaifa. Mimi nilinunuliwa viatu tu, kwa kuwa shule yangu ni ya kutwa, na kutoka kwetu Ngoingwa hadi shuleni naenda kwa miguu. Kila muhula ukianza nayaona magari yakipita barabara ya Thika kwenda Mang'u, masanduku yamefungwa juu, nami niko kando ya barabara na mkoba wangu mgongoni. Basi tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: zile alama zilipima nini hasa? Katika kutafuta jibu ndipo nilipokutana na Bwana Francis.

Kuzaliwa na masomo yake

Carey Francis alizaliwa jijini London, Uingereza, mwaka wa 1897. Alisoma katika shule ya William Ellis huko huko London. Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto aliingia katika jeshi la mizinga akapelekwa Ufaransa. Vijana wengi wa rika lake walizikwa kule. Yeye alijaliwa kurudi salama, akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati.

Sasa nyinyi mnaoingia chooni kila mwalimu wa hisabati anapoonekana mlangoni, mkae chonjo. Jamaa huyu alizila hesabu kama mtu anayetafuna njugu. Alipita katika daraja la juu kabisa, akafanywa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Peterhouse, humo humo Cambridge. Kazi hiyo ilikuwa na heshima kubwa. Angetulia tu, angezeekea pale akila vizuri na kulala vizuri, na hapana mtu wa Ngoingwa angelijua jina lake.

Lakini mwaka wa 1928 aliiacha kazi hiyo akaja Kenya kama mmisionari wa Church Missionary Society. Alipelekwa Maseno, karibu na Kisumu, awe mwalimu mkuu wa shule ya wavulana iliyoanzishwa na misheni hiyo mwaka wa 1906. Hebu fikiria. Mtu aliyekuwa akifundisha vijana waliochujwa wakachujika Uingereza nzima, sasa anasimama mbele ya wavulana ambao wengi wao ndio wa kwanza kwao kushika kitabu.

Huko Maseno alikaa miaka kumi na miwili. Alikuwa mkali, si mchezo. Saa ilikuwa saa, na shati chafu lilikuwa kosa. Jioni alikuwa uwanjani, maana kandanda aliipenda mno. Hakuoa mpaka alipofariki, kwa hiyo shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Miongoni mwa wanafunzi wake wa Maseno alikuwako kijana mmoja aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya huru, Jaramogi Oginga Odinga.

Wapima akili na wapima ubongo

Hapa naomba tupinde kona kidogo, kwa sababu huwezi kuielewa kazi ya Francis bila kujua ni maneno gani yaliyokuwa yakisemwa nchini siku zile.

Habari yenyewe inaanzia Paris. Mwaka wa 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Mwanasaikolojia mmoja aitwaye Alfred Binet, akishirikiana na Théodore Simon, alitunga mtihani uliotoka mwaka wa 1905. Haukuwa mtihani wa historia wala jiografia. Mtoto aliambiwa aonyeshe pua yake, arudie tarakimu alizosomewa, ataje vitu alivyoviona pichani, na kadhalika. Nia ya Binet ilikuwa nzuri: mtoto aliyebaki nyuma ajulikane mapema ili asaidiwe. Tena hakukubaliana na wale waliosema kuwa akili ya mtoto ni kama kimo cha mlima, kwamba haiongezeki. Yeye aliamini kuwa akili hufunzwa, ikakua.

Binet alifariki mwaka wa 1911, na mwenye nyumba akiondoka panya hutawala. Wengine waliuchukua mtihani wake wakaugeuza. Huko Marekani, Lewis Terman aliutengeneza upya mwaka wa 1916, na mtu akawa anapewa nambari moja tu ya akili, kama vile nambari ya gari. Vita vya Kwanza vilipoendelea, jeshi la Marekani liliwapima watu zaidi ya milioni moja na nusu kwa mitihani ya namna hiyo. Kilichotungwa ili kumsaidia mtoto kikawa cha kumpiga mtu chapa kama ng'ombe.

Wimbi hilo halikukawia kufika kwetu. Mwaka wa 1932 kilipigwa chapa hapa Nairobi kitabu cha maelekezo ya mtihani wa akili uliotungwa kwa ajili ya Waafrika. Mtungaji wake alikuwa R. A. C. Oliver. Huyo angalau alitumia karatasi na kalamu. Walikuwako wengine waliotumia mizani. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, pamoja na mwenzake F. W. Vint aliyekuwa akichunguza bongo za Waafrika waliokufa, walidai kuwa ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mdogo kuliko wa Mzungu, na kwamba shule za Kizungu zingemzidi nguvu. Mwaka wa 1933 kikaanzishwa Nairobi chama kizima cha watu wa mawazo hayo. Gordon alifika hadi London kutafuta pesa za kuendeleza utafiti, lakini serikali ya Uingereza haikuzitoa. Walikuwako wataalamu walioyapinga madai yake vikali, na leo hii sayansi imeyatupilia mbali. Mtu aliyekufa maskini na mgonjwa, aliyelala njaa tangu utotoni, utaupimaje ubongo wake kisha useme umepima akili ya watu wote wa nchi?

Sasa turudi Maseno. Miaka hiyo hiyo ambayo bongo zilikuwa zikipimwa kwa mizani Nairobi, mwanahisabati kutoka Cambridge alikuwa Maseno akiandika jometri ubaoni mbele ya wavulana wa Kiafrika. Sisemi kwamba alipanda jukwaani akabishana na Daktari Gordon. Nasema tu kwamba huyu alipima vichwa vya maiti, na yule alivifundisha vichwa vilivyo hai. Waamuzi ni nyinyi.

Alliance na lile chekecheo

Mwaka wa 1940 Francis alihamishiwa Alliance High School, pale Kikuyu. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Francis alikuwa mwalimu mkuu wa pili, na aliiongoza kwa miaka ishirini na miwili.

Jina lake lilivuma huko. Wanafunzi walivaa kaptura, wavivu hawakupata pa kujificha, na hisabati ilifundishwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Mtihani waliofanya mwishoni ulitoka Cambridge, ule ule uliofanywa na wanafunzi wa nchi nyingine zilizotawaliwa na Mwingereza. Karatasi ile haikujua kama anayeijibu ni mweusi au mweupe, mtoto wa chifu au mtoto wa mchungaji wa mbuzi. Na wavulana wa Alliance waliupita, mwaka baada ya mwaka, karibu wote. Wengi wao wakaenda Makerere, Uganda. Hilo lilikuwa jibu tosha kwa wenye mizani.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye nguvu naye aambiwe ukweli. Alliance iling'ara kwa sababu waliofika pale walikuwa wameshachekechwa mara nyingi. Na hapo ndipo mambo yalipo.

Siku zile watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na Waafrika zao. Tangu 1942 mtoto wa Kizungu alilazimishwa na sheria kusoma. Mtoto wa Kiafrika hakulazimishwa, alichujwa. Mwaka wa 1949 ilitoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na mhubiri Leonard Beecher. Kwa mpango huo mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, kisha akafanya mtihani. Akipenya, alisoma minne mingine, akafanya mtihani mwingine ulioitwa KAPE. Akipenya hapo, ndipo aiwaze shule ya upili. Wengi waliishia darasa la nne, wakiwa hawajaota hata ndevu. Watu wa huku kwetu waliuchukia mpango huo sana, hasa kwa vile walikuwa wamejijengea shule zao wenyewe. Nazo shule hizo zilifungwa na serikali mwaka wa 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, pamoja na chuo cha ualimu cha Githunguri.

Wasichana nao? Sisi tulikumbukwa mwisho. Shule ya Alliance ya wasichana ilianza mwaka wa 1948, miaka ishirini na miwili baada ya ile ya kaka zetu.

Guka na baiskeli

Sikulijua chekecheo hili vitabuni kwanza. Nililijua kwa guka, baba ya baba yangu. Guka alifika darasa la nne miaka ya hamsini, siku za vijiji vya Hali ya Hatari, watu wakiwa wamezungushiwa handaki na kuhesabiwa jioni. Alifanya ule mtihani wa darasa la nne pamoja na wenzake. Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Ananiambia kwamba hakuwahi kuambiwa alipata ngapi. Walioenda mbele walikuwa wachache, basi. Waliobaki walirudi kuchunga mbuzi. Yeye baadaye alikuja Thika mjini akajifunza kutengeneza baiskeli, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea baba yangu.

Siku moja mwaka jana nilikuwa nimeketi karibu na kibanda chake nikifanya hesabu za uwiano. Guka aliniuliza ninahangaika na nini. Nikamwambia. Akaligeuza lile gari lake la magurudumu mawili juu chini, akanionyesha: mbele meno 44, nyuma meno 20. Akaniuliza nikikanyaga pedeli mzunguko mmoja, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi. Kabla sijatoa kikokotoo mkobani, alikwisha kunijibu kuwa ni mara mbili na moja ya tano. Nikapiga hesabu: 2.2. Kumbe! Na kama ukiweka meno 22 nyuma? Mara mbili kamili, mlima utapanda vizuri lakini tambarare utachelewa. Mzee huyu ndiye aliyeambiwa na mtihani kwamba elimu si yake.

Nikamuuliza guka kama alikuwa mjinga darasani. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kuwa viti vilikuwa vichache na makalio yalikuwa mengi. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jambo hili, lakini sijaona penye maelezo yaliyo mafupi kuliko hayo. Mtihani ule haukumpima guka akili. Ulihesabu viti, kisha ukatafuta njia ya kuwaambia wasio na kiti kwamba kosa ni lao.

Mtu wa pande mbili

Carey Francis alijua habari za Hali ya Hatari kwa karibu. Hakuwaunga mkono Mau Mau hata kidogo, na wengi wa huku kwetu hawakumpenda kwa hilo. Wakati huo huo hakunyamaza alipoona askari wa serikali wakiwatesa watu. Aliwaandikia wakubwa kulalamika. Mwaka wa 1955 alipokea shuleni kijana kutoka Limuru aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025. Ngũgĩ alipomaliza muhula wa kwanza akarudi nyumbani, alikuta boma lao halipo tena. Watu walikuwa wamehamishwa. Ndani ya ua wa Alliance kulikuwa na vitabu, kandanda na sala. Nje ya ua kulikuwa na moto. Waliokuwa ndani waliokoka kwa mtihani.

Matunda ya shule hiyo yanajulikana. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, mawaziri na wakubwa wengi serikalini walikuwa wamepita Alliance au Maseno, mikononi mwa Francis. Kwa hiyo twaweza kusema pasi na kutia chumvi kwamba alisaidia kuilea serikali ya kwanza.

Hata hivyo nina dukuduku. Francis alikuwa akitarajia kwamba wale wachache aliowasomesha wangewatumikia wale wengi waliobaki. Hilo ndilo alilolihubiri kila siku, na ndilo lililo katika wito wa shule. Wapo waliofanya hivyo kweli. Lakini wapo pia waliosahau kwamba waliachia wenzao mbuzi, wakaona kwamba kila walichokipata ni haki yao kwa sababu walipita mtihani. Ukimwambia mtu tangu utotoni kwamba yeye ni bora, usishangae akikuamini. Na ukimwambia mwingine kwamba ni hafifu, naye atakuamini vile vile. Katika shule moja ya msingi niliyosomea, ambayo sitaitaja, tulipangwa madawati kufuata alama. Mimi nilikuwa safu ya nne karibu na dirisha lililovunjika. Nilikaa pale mwaka mzima, na ninawaambieni kwa kweli kwamba ifikapo muhula wa tatu nilikuwa nimeacha kuinua mkono. Si kwamba sikujua majibu. Nilijua kwamba safu ya nne haijibu.

Pumwani

Sasa nafika pale paliponifanya nimchague mtu huyu.

Mwaka wa 1962 Francis aliondoka Alliance. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Kwa jina alilokuwa nalo angeweza kurudi Uingereza akapumzike, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kukaa ofisini akiwa mshauri wa mawaziri ambao ni juzi tu alikuwa akiwasahihishia madaftari. Hakufanya hivyo. Alikwenda Pumwani, mtaa wa zamani wa Waafrika huko mashariki mwa Nairobi, akaanza kufundisha katika shule ya upili ya pale. Wala hakwenda kuwa mwalimu mkuu. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwingine, mwenye ratiba na chaki kama walimu wengine.

Wenzangu wa shule ya kutwa, mnanielewa? Shule ya Pumwani haikuwa na ua wa miti wala historia ya kujivunia. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa mtaani, wanaotoka asubuhi katika nyumba zilizobanana na kurudi humo jioni kufanya kazi ya ziada kwa taa ya mafuta kama kuna mafuta. Ni watoto ambao Alliance haikuwachukua. Mtu aliyekuwa amekaa juu kabisa ya chekecheo kwa miaka ishirini na miwili, akiwapokea wale waliopenya, alishuka akaenda kwa wale waliobaki chini.

Mimi nilipolisoma hilo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimemwandalia Bwana Francis mashtaka mengi, na mengine bado ninayo. Alikuwa mtu wa enzi zake. Aliona kwamba Waafrika wanahitaji kuongozwa muda mrefu kuliko walivyotaka wao, na kuhusu uhuru walimzidi mwendo. Lakini kama angeamini kwa dhati kwamba mtihani hutenganisha mchele na pumba, asingeenda Pumwani na chaki yake. Hakuna anayepika pumba.

Alifundisha huko hadi alipofariki Julai 1966. Alikuwa amekaa Afrika Mashariki miaka thelathini na minane. Hakuacha mke wala mtoto, wala utajiri wa kugombaniwa. Aliacha wanafunzi.

Na sisi je?

Ndugu msomaji, chekecheo halikufa na Beecher. Mtihani wa darasa la nne uliondolewa, KAPE ikaenda, ikaja CPE, kisha KCPE mwaka wa 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio mkia wa mfumo huo. Nyuma yetu hapana kidato cha kwanza wala cha pili. Waliopo ni ndugu zetu wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026. Tuliambiwa kwamba mfumo mpya hautawapanga watoto kwa alama. Lakini shule zenyewe zimepangwa kuanzia C1 hadi C4, na wao wanajua vizuri sana kwamba waliletwa C4. Niliwaona siku ya kwanza wakiingia langoni. Nilizijua nyuso hizo. Ulikuwa uso wangu wa mwaka wa 2024.

Sisemi mitihani ifutwe. Mwenye duka asipohesabu mali yake atafilisika, na mwalimu asiponipima hatajua nimekwama wapi. Hilo ndilo alilolitaka Binet: pima ili usaidie. Ubaya huanza pale kipimo kinapokuwa hukumu, na mtoto wa miaka kumi na mitatu akafungiwa mlango kwa sababu wenye nchi hawakujenga vyumba vya kutosha.

Nimalizie na jambo la hapa hapa nyumbani. Muhula huu chama chetu cha Kiswahili kimeamua kuwasaidia wanafunzi wa Gredi ya 10 kila Ijumaa baada ya masomo. Kamusi tulizo nazo ni kumi na mbili, na walioandikisha majina ni arobaini na moja. Katika mkutano, mwanachama mmoja alipendekeza tuwape zoezi fupi, tuchukue kumi na wawili wa kwanza. Watu wengi waliinua mikono kukubali, kwa sababu ni rahisi na inaonekana ni haki. Nami nilikuwa karibu kuinua wangu. Ndipo nikamkumbuka guka, viti vichache na makalio mengi. Nikasimama nikapinga, miguu ikitetemeka. Tulibishana hadi kengele ya jioni. Mwishowe tukakubaliana kwamba zoezi watapewa, lakini wale watakaofanya vibaya zaidi ndio watakaokaa na kamusi kwanza, na wengine watachangia wanne wanne. Kama mpango utafaulu au utavurugika, sisi wenyewe ndio tutakaojibu mwakani katika gazeti hili.

Huyo ndiye Carey Francis niliyemjua mimi: mwanahisabati aliyeacha Cambridge, mwalimu aliyewalea waliochaguliwa, na mzee aliyekwenda kuwatafuta waliosazwa. Wenye kupenda wamsifu, na wenye kumlaumu wamlaumu. Yote mawili yana haki yake. Mimi naomba tu kwamba siku moja mkipewa kalamu ya kuchagua nani aingie na nani abaki nje, mkumbuke njia ya kwenda Pumwani.

Kwaherini ya kuonana.